Maji Yawe Vuguvugu

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba kafuri ni manukato ya shangazi yangu. Wanawake wengine wa mtaa wetu wa Kuze walikuwa na udi wao na marashi yao, na yeye alikuwa na kafuri. Aliingia nyumbani kwetu wakati wa alasiri, pindo la buibui limelowa maji, na ile harufu ya baridi ikamtangulia ukumbini kabla hajapiga hodi. Akanawa, akala, akatafuna tambuu yake kimya kimya akiangalia ukutani. Mamangu alimpakulia chakula cha moto na kumwita kwa heshima, jambo ambalo siku nyingine halikuwepo, maana mawifi hao walikuwa hawachoki kuchokozana. Nilichojua ni kwamba siku za kafuri shangazi hachokozwi.

Nilipopata akili ndipo nikaelewa. Dadake babangu alikuwa mwosha. Mwanamke yeyote akifa katika vichochoro vyetu, yeye ndiye aliyeitwa amwoshe, amtie kafuri, amfunge sanda, amkabidhi kwa wanaume waliokuwa wakingoja nje na jeneza. Kitanda cha kuoshea, cha mbao zilizoachana ili maji yapite, kilisimamishwa nyumbani kwake kwenye ukuta wa njia ya kwendea uani. Sisi watoto tulijificha nyuma yake tukicheza. Kilikuwa kimepauka kwa maji na kilinukia majani ya mkunazi. Mpaka leo nikipita penye mkunazi huhisi kwamba kuna mtu anayenitafuta na kwamba nimejibana asinione.

Nyanya yangu alipolala kitandani miezi ya mwisho, mimi nilikuwa msichana mkubwa na kazi ya kumwogesha iliniangukia. Shangazi alikuwa akisimama mlangoni kuniangalia. Siku moja akanishika kiganja, akakigeuza huku na huku, kama anayechagua embe sokoni.

"Mkono huu hauna pupa," akasema. "Huu ni wa kazi yangu."

Nikacheka. Nilikuwa na mipango mingine na mkono wangu. Nilitaka uwekwe hina, uvalishwe bangili, ushike maisha.

Basi nikaolewa, nikazaa, nikaingia dukani. Duka letu liko Biashara Street, ni la leso za kujifunga tangu enzi ya baba mkwe wangu, na mimi ndiye ninayekaa na wateja. Kwenye rafu ya nyuma tunaweka bafta nyeupe ya sanda. Anayekuja kununua sanda humjui kwa mavazi wala kwa machozi. Unamjua kwa kuwa hajadili bei. Husema urefu anaoutaka, halafu huangalia mlangoni. Nilizoea kuichana bafta ile kwa mkono, maana kwetu haitiwi mkasi, na ule mlio wake mrefu huwanyamazisha hata wanawake wanaogombania leso mpya. Nikajiambia kwamba hilo ndilo fungu langu katika kazi ya shangazi. Yeye aoshe, mimi nichane. Lilikuwa fungu safi, kavu, lenye feni juu yake.

Lakini kukawa na ndoto.

Nilikuwa nikiiota hasa usingizi wa mchana, ule wa baada ya wali, wakati mji mzima umefunga madirisha. Ninatembea Kuze nimeshika kata la kifuu, limejaa maji. Pande zote mbili za kichochoro, juu ya baraza, wamekaa wanawake, nywele zao zimelowa. Wengine nawajua na wengine siwajui. Hakuna anayesema. Ninapopita, kila mmoja anageuza kichwa upande wa kulia, taratibu, kama anayenipa sikio nimnong'oneze. Na maji katika kata hayapungui. Nikiamka, nilikuwa nikiiangalia mikono yangu kama ni mikavu.

Nikafanya kosa la kumsimulia shangazi. Akaacha kutafuna.

"Basi ushaitwa, mwanangu. Wangojani?"

"Shangazi, nilikula mbaazi nyingi."

"Mungu hawezi kumwita aliyekula mbaazi?"

Hapo ndipo zilipoanza nyudhuru zangu, na nakiri kwamba nilikuwa fundi. Mgongo. Watoto wana mtihani. Wageni kutoka Lamu. Duka lina mzigo mpya. Hofu sikuitaja, maana hofu ilikuwa ya kweli na ya kweli ndiyo mtu huificha. Udhuru nilioupenda zaidi ni ule ambao hakuna mwanamume awezaye kuuhoji.

"Ndoo twende," shangazi alinipigia simu akiniita, "kuna maiti hapa nyuma ya msikiti."

"Leo siko tohara, shangazi."

"Na mwezi uliopita?"

"Pia."

"Na Ijumaa ile?"

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Hiyo yako si hedhi, ni mto," akasema. "Nenda hospitali ukatazamwe. Na hata ungekuwa nayo kweli, mwenye hedhi huosha. Chuoni ulikuwa walala?"

Chuoni, kwenye Kurani, sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesikia vizuri sana, na lile nililolisikia ndilo nililojikingia. Kumwosha maiti ni faradhi kifaya, ndivyo tulivyofundishwa: wakisimama baadhi, waliobaki wamesalimika, na wasiposimama hata mmoja, dhambi ni ya wote. Nilishika nusu ya kwanza. Naona mtaa mzima tulishika nusu ya kwanza. Siku hizi tuna kikundi chetu kwenye simu, na habari ya msiba ikiingia, wote tunaandika inna lillahi, moja chini ya nyingine, mpaka unasukuma kidole kufika mwisho. Tunaandika na vijialama vya mikono iliyoinuliwa dua. Katika hao wote hakuna anayeandika "naja". Kila mmoja anaziona salamu za wenziwe zilivyo nyingi na kuamini kwamba katika wingi huo lazima yupo atakayekwenda. Na kweli alikuwepo. Alikuwa mmoja, na alikuwa akizeeka.

Baada ya shangazi kunigombeza sana, nikaenda darsa. Waandalizi walikodi ukumbi Tononoka, karibu na uwanja, na mwalimu mwanamke, mchangamfu, mwenye sauti ya kuuza, akatufundisha kuosha maiti. Tulikuwa wengi. Ilipofika zamu ya vitendo akauliza nani atalala juu ya meza awe maiti. Wanawake wakaangalia viatu vyao, kwa kuwa nani ajitabirie? Mimi nikanyanyua mkono haraka kabla ya mwingine. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: maiti hana kazi. Hataambiwa ashike chochote, hataambiwa aoneshe kama ameelewa. Nitarudi Kuze nikiwa nimehudhuria.

Nikalala. Wakanifunika leso kutoka kifuani mpaka miguuni, wakanifumba macho. Majagi yalikuwa matupu, tulikuwa tunaigiza tu, lakini mwalimu alikuwa akisema "mimina," na mimi nikayahisi maji yasiyokuwepo yakinipita begani. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira na kelele zao zilikuwa zikija na kurudi. Feni ilikuwa ikizunguka kivivu. Nikaanza kuelea, si usingizi na si kuamka.

Ndipo ikaja mikono. Wa kwanza ulinigusa kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto au bado. Wa pili ulininyanyua bega na kuliachia, likagonga meza. Kuna aliyekuwa akicheka chini chini, maskini, kwa woga. Simu ya mtu ikalia na mikono miwili ikaniacha nimegeuzwa ubavu, uso ukutani, mpaka mazungumzo yakamalizika. Sikukasirika. Lakini nilishikwa na upweke ambao sijawahi kuuonja, nikiwa hai, katikati ya wanawake wote wale. Nikakumbuka shangazi alivyokuwa akimshika nyanya kichwa, kiganja kizima chini ya kisogo, kana kwamba hakuna kazi nyingine duniani. Na pale mezani, macho yamefumbwa, wakarudi wale wa ndotoni na nywele zao mbichi, wakageuza vichwa kulia. Sasa nikajua walikuwa wakingoja nini. Walikuwa wakingoja mkono.

Mtu atadhani nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa shangazi. Sikwenda. Nilichokijua nikakifunikia kawa, kama chakula cha kesho, nikarudi dukani.

Kisha ikaja ile asubuhi ya msiba wa mtaa wa pili. Nikaandika inna lillahi yangu kwenye simu, na mteja akataka kuoneshwa leso nyekundu. Adhuhuri ikapita. Karibu na alasiri nikasikia ile harufu ya baridi ndani ya duka, na nikafikiri ni bafta. Nikageuka. Shangazi alikuwa mlangoni. Hakuwa na kawaida ya kuja Biashara Street, alikuwa akisema maneno ya huku ni mengi kuliko nguo. Nikamvutia kigoda. Akakaa katikati ya leso zilizotundikwa, buibui limelowa, na mikono yake mapajani ilikuwa ikitetemeka. Ilikuwa ikitetemeka muda mrefu, nadhani, ila ndani ya duka langu ndipo nilipokubali kuiona.

"Leo kata limeniponyoka," akasema. "Limemwangukia usoni."

Nikazima feni, asije akapata baridi.

"Maskini. Hakusema kitu. Alivumilia."

Akalia. Shangazi yangu, ambaye hakulia alipomzika mumewe, akalia juu ya kigoda cha wateja na kujifuta kwa ncha ya mtandio. Nilihisi aibu kali, ya kuchoma masikio. Alikuwa kule na kikongwe mmoja tu wa kumshikia ndoo, wanageuza mtu mzito wawili hao, na mimi niko hapa nakunjua leso.

Alipotulia akaniuliza, "Nani ataniosha mimi?"

Nikafungua kinywa. Lililotaka kutoka ni udhuru, wallahi, hata pale. Sikumbuki ulikuwa upi. Akanyanyua mkono ule unaotetemeka.

"Sikukuuliza udhuru. Udhuru wako utaniosha? Nataka jina. Nipe jina la mtu mmoja hapa mtaani, nikalale nikijua ni nani."

Nikatafuta. Nilipita nyumba kwa nyumba kichwani mwangu, kuanzia kwa muuza mahamri mpaka kwenye chuo, na kila mlango ulinifungukia mwanamke mwema aliyeandika inna lillahi asubuhi ile. Sikupata jina. Yeye akingoja. Nje mkokoteni ulikwama, watu wakapigiana makelele, ukapita. Nikataja langu.

Hakunishukuru. Alisema tu, "Kesho baada ya adhuhuri. Na kucha hizo uzikate."

Kesho yake nilipofika kwake nikakuta ule ukuta mtupu. Kitanda kilikuwa kimetolewa na kuwekwa uani, juani nusu, kivulini nusu. Ndoo za maji tayari, majani ya mkunazi yametwangwa, kata juu yake.

"Nani tena?" nikauliza.

"Mimi."

Alikuwa amejifunga leso kifuani na nyingine mabegani. Akakaa kitandani, akapandisha miguu mmoja mmoja, akajilaza na kujiweka sawa kama mtu anayejaribu godoro dukani.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Wataka nikufundishe lini? Nikishakufa sitoweza kukukosoa. Anza."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamfunika, nikachota maji, nikamimina.

"Uwi! Maji baridi hayo! Wataka kuniua kabla ya siku yangu?" Akafumbua jicho moja. "Mwosha huoshwa, mwanangu. Fanya kama upendavyo kufanyiwa. Maji yawe vuguvugu. Yapime na kiwiko, kama ya mtoto."

Nikaenda jikoni nikayatia ya moto. Nikarudi, nikaanza upya. Kiganja kizima chini ya kisogo. "Hapo, hapo." Upande wa kulia kwanza. "Usinimwagie kama waosha gari. Maji yatembee." Leso isisogee, mkono upite chini yake. Nikamtupia jicho. "Mato yako yakae kwenye kazi, yasikae kwangu." Nywele zake zilikuwa bado nyingi, nyekundu kwa hina, na alikuwa akizionea fahari kuliko mali yoyote. Akaniamrisha nizisuke misuko mitatu nizilaze nyuma, na nisikaze, maana hata maiti huumwa na kichwa, alisema, na akacheka kwa utani wake mwenyewe. Nilipopitisha kidole nyuma ya sikio la kushoto akaruka, kitanda kikalia.

"Taratibu hapo. Natekenyeka."

Alasiri ile haikuisha. Sijui niseme vipi. Njiwa walikuwa wakitembea juu ya bati, chuo cha jirani kilikuwa kikisoma, sauti za watoto zikipanda pamoja na kushuka pamoja, na maji ya mkunazi yalikuwa yakipita kati ya mbao na kwenda zake kwenye mfereji, ya kijani, yenye povu jepesi. Niliosha, nikanyamaza. Hofu ilikuwepo, nikaiona imekaa pembeni kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza. Baada ya muda nikatambua kwamba shangazi hasemi tena. Macho yamefumbwa, kifua hakionekani kikipanda. Nikasimama, kata mkononi.

"Mbona umesita?" akasema bila kufumbua macho. "Nilikuwa nasinzia. Ni raha sana."

Tangu siku hiyo alikuwa akiniita. Alasiri moja moja, akihisi nimesahau kitu, simu ilikuwa ikilia: "Ndoo unioshe." Majirani walidhani ameanza kurukwa na akili. Na kila mara maji alikuwa akiyalalamikia, yakiwa moto mno au baridi mno, na kila mara nilipofika nyuma ya sikio la kushoto alikuwa akicheka, kicheko cha msichana, miguu ikichezacheza chini ya leso.

Nikaanza kwenda naye kwenye misiba, yeye juu ya kiti karibu na mlango akielekeza kwa kidevu, mimi kazini. Niliyoyaona kwa wenye kuoshwa siyasemi, hiyo ni amana. La kwangu naweza kulisema: nyudhuru hazikufa. Mpaka leo simu ya msiba ikilia, udhuru ndio unaoamka kwanza, unanyoosha mgongo, unaanza kueleza. Mimi huuacha ukieleza na kwenda kutafuta buibui langu. Na ile ndoto sijaiota tena, jambo ambalo mwanzoni lilinisikitisha, kwa kuwa nilishawazoea wale wanawake.

Shangazi alikufa mwaka jana, asubuhi ya mawingu, baada ya kunywa chai yake. Aliyeniita ni binamu yangu, na kwenye simu sikusubiri amalize. Dukani nikaichana bafta mwenyewe. Mlio wake ulikuwa mrefu kuliko siku zote, na wateja wakaniangalia wasiniulize.

Kitanda kikatolewa ukutani. Binamu yangu akaniletea maji, nikatia kiwiko, nikayarudisha. Akaleta tena, nikayarudisha. Mara ya tatu yalikuwa sawa. Nikaweka kiganja kizima chini ya kisogo chake, kikawa kizito mkononi mwangu, kizito na chepesi, nami nikaosha kama nilivyofundishwa, upande wa kulia kwanza, maji yakitembea, mikono haina haraka. Sikulia. Mato yangu yalikaa kwenye kazi. Watoto wa chuo walikuwa wakisoma na njiwa walikuwa juu ya bati, na mimi, kwa mazoea, nilikuwa nikimsikiliza anikosoe.

Nikafika upande wa kushoto. Nikapitisha kidole nyuma ya sikio, taratibu sana, nikangoja acheke.